Maswali ya Wasomaji: Programu ya Zamani Katika Kompyuta Mpya

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya ukurasa huu zinafanana: mwandishi amepata kompyuta mpya, au amebadilisha mfumo endeshi wa ile aliyokuwa nayo, na programu aliyoitegemea miaka mingi imegoma. Wengi wanaomba waelekezwe njia moja ya kuifufua. Njia moja haipo, kwa kuwa programu hazigomi kwa sababu moja. Kwa hiyo katika kila jibu nitatafuta kwanza ni kitu gani hasa kinachokataa, ndipo niseme la kufanya. Kabla ya kujaribu lolote kati ya haya, nawasihi mnakili folda nzima ya programu pamoja na data yake kwenye diski ya pembeni, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kando.

Swali: Ndugu Mhariri, kwa zaidi ya miaka ishirini nimetunza hesabu za chama chetu kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo endeshi wa amri za maandishi uliotangulia Windows. Kompyuta ya zamani imekufa, na hii mpya ina Windows 11. Nikibofya ikoni naambiwa tu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa katika kompyuta yangu. Mpwa wangu alinishauri niingie kwenye tabo ya Compatibility, iliyo katika dirisha la Properties la programu, nichague Windows 95. Nimefanya hivyo na ujumbe ni uleule. Je, hesabu zangu ndizo zimepotea?

Jibu: Hazijapotea, ndugu msomaji, na nakuomba usiifute folda hiyo kwa kukata tamaa. Data yako ni nzima. Kilichokatika ni njia ambayo programu ilizoea kupitia ili kuifikia prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Programu za DOS na za Windows za mwanzo ziliandikwa kwa biti 16 (biti ni tarakimu ya 0 au 1, na idadi yake huonyesha ukubwa wa namba ambazo prosesa hushughulikia kwa mkupuo mmoja), kuanzia Windows 95 zikashika kasi za biti 32, na leo mfumo wenyewe ni wa biti 64. Windows ya biti 64 ina tabaka liitwalo WOW64 ambalo huziendesha programu za biti 32 kana kwamba hakuna kilichobadilika, na ndiyo maana programu nyingi za mwaka 2000 bado zinafunguka bila taabu. Kwa programu za biti 16 tabaka kama hilo halimo. Lilikuwepo, likiitwa NTVDM, lakini lilibaki katika Windows za biti 32 peke yake, na Windows 10 ndiyo ya mwisho kuwa na toleo la biti 32. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu.

Sababu ya kuachwa kwake haikuwa uzembe. Prosesa ya Intel 80386, iliyotoka mwaka 1985, ilikuja na hali maalumu ya kuendesha programu za DOS ndani ya mfumo mwingine. Prosesa hizohizo za ukoo wa x86 zikifanya kazi kwa biti 64, hali hiyo haipatikani. Programu za Windows za biti 16 nazo zilikwama kwa sababu nyingine: mfumo huvitambua vitu vyake, kama vile madirisha, kwa namba, na katika Windows ya biti 64 namba hizo huhitaji biti 32, hivyo haziingii katika nafasi ya biti 16 bila kukatwa. Tabo uliyoelekezwa na mpwa wako hubadilisha majibu ambayo mfumo unaipa programu inapouliza maswali. Haiwezi kuirudishia prosesa hali ambayo haipo.

Wapo wasomaji ambao hawana hakika programu yao ni ya biti ngapi, na kipo kipimo kidogo ambacho mtu anaweza kukifanya mwenyewe. Nakili faili ya programu yenye kiambishi cha .exe, ifungue nakala hiyo kwa Notepad, na usihifadhi chochote. Utaona fujo la alama, lakini herufi mbili za kwanza zitakuwa MZ, ambazo ni vifupisho vya jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyeubuni mpangilio huo wa faili. Shuka mistari michache. Ukikuta PE ikifuatiwa na herufi L, programu ni ya biti 32. PE ikifuatiwa na d ndogo, ni ya biti 64. Ukikuta NE, ni ya Windows ya biti 16. Usipokuta chochote kati ya hivyo, inaelekea ni ya DOS, kama yako.

Dawa ya programu yako ni emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima ya zamani, prosesa ikiwemo. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, ambayo ni ya bure na ilianza kutolewa mwaka 2002. Weka folda yako mahali pepesi, tuseme C:\HESABU, fungua DOSBox, andika mount c c:\hesabu, kisha c: na jina la programu. Hata hivyo, waliotengeneza DOSBox waliilenga michezo, hivyo kwa kazi ya ofisi ni afadhali kujaribu vDos, iliyokusudiwa programu za kazi zinazotumia maandishi, au DOSBox-X, ambayo imeongezewa uwezo wa kuchapa kwenye printa. Ukishafungua, ingiza muamala mmoja wa majaribio, funga programu kwa amri yake yenyewe ya kutoka badala ya kubofya alama ya kufunga dirisha, ifungue tena uone kama muamala umebaki. Kamwe usifungue data ileile kutoka madirisha mawili kwa wakati mmoja.

Ukikutana na ujumbe wa Runtime error 200, usidhani faili imeharibika. Programu nyingi za DOS zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal ziliianza kazi yao kwa kupima kasi ya kompyuta: zilihesabu ni mizunguko mingapi inafanyika katika kipindi cha takriban milisekunde 55, zikagawanya hesabu hiyo kwa 55, na jibu likatakiwa litoshe katika biti 16. Prosesa zilipopita kasi ya karibu megahezi 200, jibu likafurika na programu ikajifunga kabla hata ya kuonyesha skrini ya kwanza. Ndani ya DOSBox tatizo hilo linaondoka ukipunguza kasi kwa kushika kitufe cha Ctrl pamoja na F11, kisha ukaifungua programu upya.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi. Programu yetu ya kuorodhesha vitabu ilisakinishwa kwenye Windows 7, ndani ya Program Files. Tulipohamia kompyuta mpya niliinakili folda yote, na programu ikafunguka vizuri, lakini orodha ni ile tupu ya siku ya kwanza. Miaka saba ya kazi haimo. La ajabu zaidi, kwenye kompyuta ya zamani nikiifungua kwa kawaida vitabu vyote vipo, ila nikiifungua kwa ruhusa ya msimamizi navyo vinatoweka.

Jibu: Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyofumbua fumbo, na nakushukuru kwa kuiandika. Programu yako ina seti mbili za data, na wewe umenakili ile isiyotumika.

Programu za enzi ya Windows 98 na XP zilizoea kuandika data zao palepale zilipokaa, ndani ya Program Files. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, mtumiaji wa kawaida alinyimwa ruhusa ya kuandika humo, kwa lengo jema la kuzuia virusi visichezee programu. Ili programu za zamani zisianguke zote kwa siku moja, Microsoft waliweka mchepuko: programu ya biti 32 isiyoujua utaratibu mpya ikitaka kuandika kwenye Program Files, mfumo huikubalia, lakini kimyakimya huielekeza kwenye folda nyingine ya mtumiaji huyo. Inaposoma, huonyeshwa nakala ileile ya pembeni, kwa hiyo haijui kabisa kwamba imehamishwa. Ikifunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi mchepuko haufanyi kazi, na hapo ndipo ulipoona orodha tupu ya siku ya kwanza.

Rudi kwenye kompyuta ya zamani, uamuru mfumo uonyeshe folda zilizofichwa, kisha uingie C:\Users, folda yenye jina la mtumiaji, AppData, Local, VirtualStore, na hatimaye Program Files (x86), au Program Files kama Windows yenyewe ilikuwa ya biti 32. Humo utaikuta folda yenye jina la programu yako na faili zenye tarehe za juzi. Hizo ndizo miaka yako saba. Kama maktaba ilikuwa na watumiaji wawili walioingia kwa majina tofauti, kila mmoja anayo VirtualStore yake, na kuna uwezekano mmekuwa mkiorodhesha vitabu katika orodha mbili bila kujua. Linganisheni kabla ya kuchagua ipi ibaki.

Katika kompyuta mpya, iweke programu nje ya Program Files, katika folda yake mwenyewe kama C:\MAKTABA, kisha nakili faili za VirtualStore juu ya zile tupu. Kosa hili naliogopa kuliko mengine yote katika ukurasa huu, kwa kuwa halitoi ujumbe wowote. Niliwahi kuombwa msaada na ofisi moja iliyokuwa imekwisha kufuta diski ya kompyuta ya zamani, ikiwa na hakika kwamba folda iliyonakiliwa ina kila kitu. Tulipoifungua tulikuta rekodi nne za majaribio, zilizoingizwa na fundi aliyeisakinisha programu. Kwa hiyo nakusihi: usiiguse kompyuta ya zamani mpaka umeona kwa macho yako kitabu cha mwisho kuorodheshwa kikitokea kwenye kompyuta mpya.

Swali: Hiyo tabo ya Compatibility inafanya nini hasa? Kuna nyakati inasaidia na nyakati haisaidii, nami huwa nachagua tu kwa kubahatisha.

Jibu: Kwa sehemu kubwa inaidanganya programu kwa faida yake. Programu nyingi huuliza zimo ndani ya Windows namba ngapi kabla ya kuanza kazi. XP ilikuwa 5.1 na Vista ikawa 6.0. Mwandishi aliyetaka programu yake ikubali XP na zote zitakazofuata, kisha akaandika kwamba namba ya kwanza iwe 5 au zaidi na ya pili iwe 1 au zaidi, aliikataa Vista bila kukusudia, kwa sababu sifuri ni ndogo kuliko moja. Ukichagua XP katika tabo hiyo, mfumo unajibu 5.1 na programu inapita. Yapo pia marekebisho mengine madogo, kama kupunguza idadi ya rangi au kuzuia skrini yenye nukta nyingi isiivuruge mandhari ya dirisha.

Kwa hiyo ukitaka kuacha kubahatisha, soma malalamiko ya programu. Ikisema haiungi mkono toleo hili la Windows, tabo hiyo ndiyo dawa. Ikidai .NET Framework ya zamani, yaani mkusanyiko wa vipande vya Microsoft ambavyo programu nyingi huvitegemea, ingia kwenye orodha ya vipengele vya Windows uiwashe .NET 3.5, ambayo ina ndani yake 2.0 na 3.0. Ikilalamika kwamba faili ya .ocx, yaani kipande cha programu kinachokaa katika faili yake pekee, haipo, kama ilivyo kawaida kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6, ichukue faili hiyo kutoka diski halisi ya programu au kompyuta ya zamani, wala si kwenye tovuti zinazogawa faili moja moja, kisha uiweke katika SysWOW64 na kuisajili kwa amri ya regsvr32 iliyomo katika folda hiyohiyo. Majina ya folda hizi yamewapotosha wengi: katika Windows ya biti 64, System32 ina faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32.

Mara nyingine programu ni ya biti 32 ila faili yake ya kusakinishia ni ya biti 16. Windows inazitambua baadhi ya hizo zilizotumika sana na kuzibadilisha yenyewe. Isipoitambua ya kwako, isakinishe kwenye kompyuta ya zamani au ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya dirisha la kompyuta nyingine, kisha hamisha folda iliyokamilika.

Swali: Nafanya kazi maabara. Programu ya chombo chetu cha vipimo inafunguka vizuri katika Windows 10 ya biti 64, lakini inasema chombo hakijaunganishwa. Kebo ya USB ni nzima, na kwenye kompyuta ya XP kinafanya kazi.

Jibu: Programu yenu imevuka, ila draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na chombo, haikuvuka. WOW64 hubeba programu za kawaida tu. Draiva hukaa ndani ya kiini cha mfumo, na kiini cha biti 64 hakikubali draiva ya biti 32 kwa hali yoyote. Tena tangu Vista, Windows ya biti 64 inadai draiva iwe na saini ya kidijitali. Waulizeni kwanza watengenezaji wa chombo kama wana draiva ya biti 64, kwa kuwa mara nyingine ipo na haikutangazwa.

Isipokuwepo, tengenezeni mashine pepe kwa kutumia programu kama VirtualBox au VMware. Humo mtasakinisha Windows XP au Windows 7 ya biti 32 mliyo na leseni yake, muweke draiva ya zamani, kisha muikabidhi mashine hiyo chombo chenyewe kupitia orodha ya vifaa vya USB. Kila kitu kikishafanya kazi, chukueni picha ya hali ya mashine, ambayo programu hizi huihifadhi kwa jina la snapshot, ili siku ikiharibika mrudi hapo kwa dakika chache. Usalama msiufanyie mchezo: XP iliacha kupata marekebisho tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo zimeni kadi ya mtandao ya mashine pepe, na matokeo yatoeni kwa folda ya pamoja.

Kama chombo hakitumii USB bali kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, mashine pepe kwa kawaida haitaiona. Hapo sioni njia bora kuliko kuitunza kompyuta ileile: nakilini diski yake nzima ikingali hai, tafuteni mashine ya akiba ya aina hiyohiyo, na zote mbili zikae nje ya mtandao.

Swali: Natumia Mac. Je, haya yananihusu?

Jibu: Yanakuhusu, tena Apple hukata kamba mapema zaidi. Walipohamia prosesa za Intel mwaka 2006 waliweka mtafsiri aitwaye Rosetta kwa ajili ya programu za PowerPC, prosesa walizozitumia awali, na mwaka 2011 wakamwondoa katika toleo la 10.7. Mwaka 2019 toleo la 10.15, Catalina, likaacha kabisa programu za biti 32. Kompyuta zao za tangu 2020 zenye prosesa za Apple zinatumia Rosetta 2, ambayo hutafsiri programu za Intel za biti 64 peke yake. Kabla ya kusasisha kutoka toleo la 10.14, fungua System Information, sehemu ya Legacy Software, uone ni zipi zitakazobaki nje.

Swali: Nina rejista ya wanachama niliyoitengeneza kwa Access 97, programu ya Microsoft ya hifadhidata. Je, niendelee kuhangaika na programu, au nihamishe data na niachane nayo?

Jibu: Kwa rejista, ningehamisha. Emuleta na mashine pepe zinafaa pale programu inapofanya kazi ambayo nyingine haiwezi; majina, tarehe na namba vinaweza kukaa popote. Access 2013 na zilizofuata hazifungui faili za Access 97, lakini Access 2003, 2007 na 2010 zinazifungua na kuzibadilisha kuwa za mpangilio mpya zaidi, hivyo azima kompyuta yenye mojawapo. Kwenye Linux zipo zana za mdbtools, ambazo husoma majedwali ya faili hizo na kuyatoa kama maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato. Wenye faili za .dbf za dBase au FoxPro wana kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa LibreOffice huzifungua moja kwa moja.

Baada ya kuhamisha, hesabu rekodi za kila jedwali upande wa zamani na upande mpya, jumlisha safu moja ya fedha pande zote mbili, kisha fungua rekodi ya kwanza, ya mwisho na chache za katikati, ukizisoma neno kwa neno. Tarehe zikague kwa uangalifu wa pekee. Kama rejista yako ilitoa miaka kwa tarakimu mbili, Excel na Access kwa kawaida husoma 00 hadi 29 kama 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 kama 1930 hadi 1999. Mwanachama aliyezaliwa mwaka 1928 ataonekana hajazaliwa bado, na aliyezaliwa mwaka 1921 atageuka kuwa mtoto. Panga safu ya tarehe za kuzaliwa kuanzia ya karibuni kabisa, na wazee wako wote waliokosewa watapanda juu ya orodha, ambapo unaweza kuwasahihisha mmoja mmoja.